Paka wa mtaani: umbali aupange yeye

MASWALI YA WASOMAJI

Safari hii barua za paka zimezidi za kuku. Wengi mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti: paka asiye na mwenyewe amezoea kuja kula, lakini mkono wa mtu hautaki. Tumechagua barua saba. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo mama wa nyingine zote.

Anakula kila jioni, lakini nikisogea anakimbia

*Wahariri, habari za kazi. Ninaishi Bwiru hapa Mwanza, nyumba yetu imeegemea mawe. Kuna paka jike wa mistari ya kijivu anayekuja kila jioni ninapopara samaki. Nikimtupia kichwa cha sato anakidaka na kupanda nacho mwambani. Hii ni wiki ya tatu, na nikisogea hatua moja tu hayupo. Amekonda, namhurumia, nataka awe wangu. Nifanyeje anizoee? (Dada wa Bwiru)*

Dada, umefika mbali kuliko unavyodhani. Paka anayerudi saa ile ile kila siku ameshakuingiza kwenye ratiba yake. Tatizo liko kwenye hiyo hatua moja unayosogea wewe. Kati yenu wawili, anayetakiwa kusogea ni yeye.

Kwanza mjue ni paka wa namna gani. Wapo waliowahi kuishi na watu, wakaachwa mwenye nyumba alipohama au wakapotea. Wapo pia waliozaliwa porini au kwenye mapango ya mawe, hawajawahi kushikwa. Aliyewahi kuishi na watu hukutazama usoni, hulia "nyau" akikuona, huja hata mchana, na mkia wake husimama wima kama mlingoti, ncha ikipinda kidogo. Aliyezaliwa nje hukaa kimya, hutembea tumbo likikaribia ardhi na hupendelea giza. Wa kwanza anaweza kukubali mkono ndani ya siku chache hadi wiki nne. Wa pili huchukua miezi, na wengine hawakubali kushikwa maisha yao yote, ingawa watalala kibarazani kwako na kula panya wako. Huyo naye ni paka wako. Usimdai kisichomo ndani yake.

Sasa kazi yenyewe. Acha kumtupia chakula. Kitu kinachoruka kutoka mkononi mwa mtu, kwa paka wa mtaani, ni jiwe. Tena kichwa kizima cha samaki kinambebesha akakile mbali, na akila mbali nawe hajifunzi chochote kukuhusu. Mpe chakula kilaini, kilichochambuliwa, kisichobebeka, kwenye sahani pana isiyo na kina ili masharubu yake yasiguse kingo. Sahani iwe ile ile, mahali pawe pale pale, na saa iwe ile ile, tuseme saa 12 jioni. Kabla ya kuweka, gonga sahani kwa kijiko mara tatu. Baada ya siku tano au sita utamwona ameshuka mwambani kabla hujamaliza kugonga.

Mahali pa sahani pachague kwa macho ya paka. Awe na ukuta au jiwe upande mmoja, na njia mbili za kukimbilia. Watu wengi huweka sahani kwenye pembe ya ua wakidhani wanamsaidia, kumbe wamemwekea mtego: akiinama kula hana pa kutokea. Wewe usikae kati yake na mwamba wake. Na ile mianya ya mawe anamojificha usiizibe, kwani paka mwenye uhakika wa maficho ndiye anayethubutu kutoka.

Weka sahani, kisha rudi nyuma mpaka mahali ambapo anakula bila kuinua kichwa kila tonge. Kwa wengine ni mita tano, kwa wengine kumi. Hapo ndipo pa kuanzia. Kaa kwenye kigoda, usisimame, kwa sababu mtu aliyesimama ni mnara mbele ya kiumbe chenye urefu wa shibiri moja na nusu. Kaa ubavu, usimwelekee kifua. Fanya kazi yako, chambua mchicha au dagaa, huku ukizungumza kwa sauti ya chini. Maneno si hoja, ila jina unalomwitia lisibadilike. Kama umeanza na "pusi", baki na "pusi".

Kila baada ya siku mbili au tatu, sogeza kigoda shibiri moja karibu, kabla hajafika, kamwe si wakati anakula. Akiacha kula na kukutazama, masikio yakilala pembeni, umeenda haraka: kesho yake rudi shibiri mbili nyuma. Ni pale watu wanapochoka ndipo wanapoharibu. Wiki tatu za uvumilivu hufutika jioni moja mtu akiamua kumdaka.

Macho nayo yana lugha. Kumkodolea paka ni kumtishia. Mtazame, kisha shusha kope taratibu, zifunge kidogo, zifungue, ugeuze uso pembeni. Utafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth vya Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa paka hujibu ufumbaji huo wa macho kwa kufumba wao pia, na humsogelea zaidi mtu aliyefanya hivyo kuliko aliyekaa na uso mkavu. Siku atakapokurudishia fumbo hilo, ujue mlango umefunguka kidogo.

Umbali ukifika kama mkono mmoja, anza kumpa tonge la mwisho karibu nawe: kwanza kwenye kijiko chenye mpini mrefu, baadaye kiganjani, kiganja kikiwa kimelala chini. Mkono uje kutoka chini na mbele, usitoke juu ya kichwa. Kunja vidole, uache kimoja tu mbele, usawa wa pua yake, na usubiri. Atanusa. Akigeuza uso na kukusugua kwa shavu, amekutia harufu yake. Kwenye mashavu, kidevu na paji la uso ana tezi za harufu, na kukusugua ni kukuandika kwenye orodha ya vitu vyake. Hapo mkune shavuni mara mbili tu, kisha ondoa mkono hata kama anataka zaidi. Mwache yeye aombe. Mgongo utafuata baada ya siku kadhaa, mkia na tumbo viache kabisa, na kumbeba ni jambo la mwezi mwingine.

Mambo mawili ya uani. Chakula kisichoisha ndani ya nusu saa kiondoe, maana usiku kitaita panya, mbwa na paka madume, na ugomvi wa madume utamfukuza huyo jike. Na sisimizi wakikusumbua, weka sahani ya chakula katikati ya sinia lenye maji ya kina cha sentimita moja.

Ukiona titi zimevimba na manyoya ya tumboni yamepungua, huenda ananyonyesha mahali kati ya mawe. Basi mwongezee chakula na usome jibu la Nansio hapa chini.

Mapanki na maziwa vinamharisha

*Tunakaa karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Paka wetu mpya tunampa mapanki ya sangara (mifupa inayobaki minofu ikishakatwa), dagaa wabichi na maziwa ya ng'ombe. Anapenda, lakini anaharisha na manyoya yamekuwa kama ya mbuzi mgonjwa. Si nasikia paka wanapenda maziwa? (Baba wa familia, Kirumba)*

Wanapenda, ndugu, lakini matumbo hayapendi. Paka akishaachishwa ziwa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, hivyo maziwa humpitiliza na kumwachia kuhara. Mpe maji safi, kwenye bakuli lililo mbali kidogo na chakula, kwani paka wengi hukwepa maji yaliyo jirani na sahani.

Dagaa wabichi nao tuwaache. Baadhi ya samaki wa maji yasiyo na chumvi wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka akila hivyo kila siku kwa wiki kadhaa hukosa hamu ya kula, kisha huyumba, hushindwa kuinua kichwa, kidevu kikielekea kifuani, na mwishowe hupata kifafa. Moto huua kimeng'enya hicho. Dagaa wakavu waoshe maji matatu, hasa wale walioanikwa mchangani badala ya kwenye chanja, kwani mchanga humkera tumbo. Waloweke nusu saa na wachemshe dakika kumi bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu. Vitunguu vya aina zote, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, hivyo mchuzi uliobaki mezani si chakula chake.

Mapanki yanafaa, mradi uyachemshe na kukwangua nyama iliyobaki kwenye mifupa. Miiba ya sangara ni minene na hukwama kooni au kutoboa utumbo. Paka akianza kujifuta mdomo kwa miguu ya mbele huku akidondosha mate, fikiria mwiba, na usiuvute kwa nguvu kama huuoni wote.

Kipimo: paka mzima wa kilo tatu hadi nne anahitaji gramu 150 hadi 200 za samaki aliyepikwa na kutolewa miiba kwa siku, zigawanywe asubuhi na jioni. Kwa dagaa wakavu, kabla ya kulowekwa, ni konzi mbili hivi za mtu mzima. Samaki peke yake kila siku hakutoshi, maana mafuta yake mengi bila vitamini E huweza kuleta uvimbe wenye maumivu chini ya ngozi. Changanya: siku moja samaki, siku ya pili shingo ya kuku iliyochemshwa na kuchambuliwa mifupa, siku ya tatu moyo wa ng'ombe uliokatwa vipande vidogo. Moyo una taurini nyingi, kirutubisho ambacho paka asipokipata macho na moyo wake huharibika. Maini mara moja kwa wiki, kipande kama kidole gumba. Ugali unaweza kuchanganya kijiko kimoja cha chakula, lakini ujue unajaza tumbo tu.

Kuhara kukiendelea zaidi ya siku mbili baada ya kuacha maziwa, au kukiwa na damu, tafuta daktari wa mifugo. Paka wengi wa mtaani wana minyoo, na dawa hutolewa kwa uzito, kwa hiyo mpime kwanza: jipime mwenyewe, jipime ukiwa umembeba kwenye tenga, kisha toa uzito wako na wa tenga.

Amemng'ata mtoto

*Shikamooni. Paka tuliyemlisha mwezi mzima alilala chali mbele ya mwanangu wa miaka sita. Mtoto akamshika tumbo, paka akamng'ata mkono. Vidonda ni vidogo kama matundu ya sindano. Nimepaka dawa ya meno. Je, nimfukuze paka? (Mama wa watatu, Mkuyuni)*

Marahaba mama. Kabla ya paka, mtoto. Ioshe dawa ya meno yote. Osha matundu yale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa, kisha mpeleke kituo cha afya leo hii hata kama unasoma siku kadhaa baada ya tukio. Paka huambukiza kichaa cha mbwa kama mbwa anavyoambukiza, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba inayomrudisha. Chanjo baada ya kung'atwa huzuia, mradi mgonjwa amalize sindano zote kwa tarehe alizopangiwa. Wengi huacha baada ya ya kwanza au ya pili kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda kupona hakuna uhusiano na virusi. Vilevile meno ya paka ni membamba na huzamisha bakteria ndani sana: tundu dogo hujifunga juu huku usaha ukitunga chini. Mkono ukivimba, ukiwa mwekundu au ukiuma zaidi siku ya pili, rudi hospitali. Usipake majivu wala kahawa.

Paka usimfukuze wala usimuue. Mfungie chumba au banda kwa siku 10 akiwa na chakula na maji, umtazame. Akibadilika tabia, akidondosha mate, akipooza au akifa, mjulishe afisa mifugo na kituo cha afya mara moja. Matibabu ya mtoto hayasubiri siku hizo kumi ziishe, yaanze sasa.

Kuhusu tumbo: paka akilala chali anasema "nakuamini", hasemi "nishike hapa". Ni sehemu yake laini kuliko zote, na mkono ukifika pale miguu minne na meno hujifunga yenyewe. Kabla ya kung'ata hutoa ishara ambazo mtoto anaweza kufundishwa kuzisoma: mkia unaanza kupiga sakafu, ngozi ya mgongo inatetemeka kama inafukuza nzi, masikio yanageuka pembeni, mboni zinatanuka. Kanuni ya watoto iwe rahisi. Mkune paka shavuni na kidevuni tu, kwa mkono mmoja, hesabu hadi tatu, acha. Akiondoka, asifuatwe. Na akiwa anakula au amelala, asiguswe.

Amezaa chini ya mtumbwi

*Hapa Nansio, Ukerewe, paka koko amezaa watoto wanne chini ya mtumbwi uliogeuzwa kifudifudi. Mwenye mtumbwi anataka kuukalafati (kuziba nyufa zake) wiki ijayo. Watoto wameanza kufumbua macho. Nikiwachukua sasa watanizoea haraka? (Kijana wa Nansio)*

Usiwachukue sasa, mdogo wetu. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika umri huo wanamhitaji mama kwa maziwa na kwa joto. Ila umeuliza kwa wakati mzuri sana, kwa sababu dirisha la kuzoea watu ndilo hilo linafunguka: kati ya wiki ya 2 na ya 7 mtoto wa paka hujifunza nani ni rafiki. Aliyeshikwa vizuri katika wiki hizo huwa paka wa mapajani. Aliyefikisha miezi mitatu bila kuguswa huwa ni kazi kubwa.

Anza na mama. Mletee chakula mara tatu kwa siku, karibu mara mbili ya kipimo tulichotaja kwa baba wa Kirumba, maana ananyonyesha wanne. Huku akila, weka kasha la mbao au boksi gumu umbali wa mita mbili kutoka mtumbwini, mlango ukitazama mbali na upepo wa ziwani, juu limefunikwa nailoni, ndani kipande cha gunia kavu. Kila siku weka sahani karibu zaidi na kasha hilo. Siku mbili kabla ya ukalafati, mama akiwa anakula na anakuona, hamisha watoto wote kwa pamoja na kile kitambaa au majani waliyolalia, kwa kuwa harufu yake ndiyo anwani ya nyumba. Usimwache mmoja nyuma. Kisha ondoka kabisa, mita kumi au zaidi, na uwazuie watoto wa mtaani wasichungulie. Mama atawafuata, au atawabeba mmoja mmoja kwa shingo kuwapeleka anapopajua yeye. Akifanya hivyo usimfuate siku hiyo.

Mama akishakuzoea, kuanzia wiki ya tatu washike watoto mmoja mmoja, dakika tano, mara tatu au nne kwa siku, umewakalisha kiganjani kifuani pako. Washikwe na watu tofauti, mwanamume, mwanamke, mtoto mtulivu. Wiki ya nne hivi wataanza kulamba samaki aliyepondwa. Wasitenganishwe na mama kabla ya wiki ya nane.

Jambo moja zaidi, nalo ni la haraka: paka jike anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha, na mimba yake ni siku 63 hadi 65 tu. Binti zake wanaweza kushika mimba wakiwa na miezi minne au mitano. Ongea mapema na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi mama mara watoto watakapoacha ziwa. Usipofanya hivyo, mwakani chini ya mitumbwi ya Nansio utawahesabu kwa makumi.

Majirani wanasema paka mweusi ametumwa

*Nimempa chakula paka mweusi miezi miwili, sasa ananifuata hadi mlangoni. Majirani wanasema si paka wa kawaida, na mmoja ametishia kumwekea sumu. Naogopa. (Msomaji wa kike, Nyakato)*

Tunaielewa hofu yako, na hofu ya majirani pia usiicheke, kwa sababu mtu anayechekwa ndiye anayeweka sumu usiku. Rangi nyeusi ni urithi tu wa wazazi, kama nywele zetu. Waonyeshe majirani manyoya yake juani, mengi yana weusi wa kahawia, hasa paka anayeota jua sana.

Fanya aonekane ana mwenyewe. Mshonee mkanda wa shingo wa rangi kali, wenye kipande cha lastiki cha sentimita tano ili akinasa kwenye tawi au misumari ya uzio uvutike na kichwa kitoke. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Kamba ya kawaida usitumie, imenyonga wengi. Mlishe ndani ya ua wako tu, kabla ya giza, na usiku alale ndani ukiweza. Mchanje kichaa cha mbwa na utunze kadi yake. Ofisi za mifugo za Jiji la Mwanza kwa Nyamagana na za Manispaa ya Ilemela ndizo za kuulizia. Kadi ya chanjo humtuliza jirani kuliko mabishano ya saa nzima. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla jambo halijatokea, ukiwa na kadi mkononi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, lakini mwenyekiti anayekujua ana nguvu zaidi mtaani kuliko karatasi.

Sumu ikitokea, dalili hutofautiana. Dawa za kuulia wadudu zikitiwa kwenye samaki huleta mate mengi, kutetemeka na mboni kuwa ndogo kama tundu la sindano, ndani ya dakika chache hadi saa chache. Sumu nyingi za panya huua taratibu: baada ya siku mbili hadi tano fizi hupauka, damu hutoka puani au kwenye choo. Hii ya pili ina tiba, vitamini K1 kwa daktari, na paka huipata hata kwa kula panya aliyekufa. Maziwa na mafuta ya kula haviondoi sumu yoyote kati ya hizo. Usimtapishe. Beba pakiti ya sumu ukiipata, au mabaki ya chakula kwenye mfuko, ukimbie naye.

Viroboto: nimwogeshe dawa ya josho?

*Nina dawa ya kupe ya ng'ombe. Nikiipunguza na maji mengi? (Mfugaji, Usagara)*

Hapana. Dawa nyingi za josho zina pemetrini, saipemetrini au amitrazi. Ini la paka haliwezi kuzivunja pemetrini na ndugu zake, na amitrazi nayo ni hatari kwake. Kwa kuwa paka hujilamba mwili mzima, kilicho kwenye ngozi kitakuwa tumboni jioni hiyo hiyo. Hata dawa za viroboto za mbwa zimo humo. Ikiwa ameshapakwa, mwogeshe papo hapo kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, suuza mara tatu, mfunge kwenye taulo, mpeleke kwa daktari. Akianza kutetemeka masikio na misuli usingoje asubuhi.

Viroboto wapunguze kwa kitana chenye meno ya kubanana, ukikichovya kila mara kwenye bakuli la maji ya sabuni ambamo viroboto watazama. Gunia na nguo anazolalia zichemshe kila wiki, kwani mayai mengi yako huko kuliko mwilini. Dawa ya kupaka iwe ile iliyoandikwa kuwa ni ya paka, kwa uzito wake. Na kwa kuwa mmoja wenu ameuliza pia kuhusu paka mwenye homa: parasitamoli hata nusu kidonge inaweza kumuua.

Nahamia Sengerema, nitamsafirishaje?

*Paka wangu wa mtaani ananizoea mimi tu. Mwezi ujao nahamia Sengerema. Nikimtia kwenye kiroba nitampoteza? (Mwalimu, Igoma)*

Kwenye kiroba, ndiyo, mwalimu. Atakosa hewa na utakuwa umevunja kila ulichojenga. Chukua tenga la kuku lenye kifuniko, lililofumwa kwa fito au plastiki ngumu. Kuanzia leo liweke wazi pale anapokula. Siku tatu za mwanzo sahani iwe nje ya mlango wa tenga, kisha mlangoni, kisha ndani kabisa juu ya kanga yako uliyoivaa bila kuifua. Akila ndani bila wasiwasi, gusa kifuniko. Siku inayofuata kifunge kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, umfungulie kabla hajalia. Ongeza hadi dakika tano, kumi, nusu saa. Wiki tatu zinatosha.

Siku ya safari asile kwa muda wa saa nne kabla ya kuondoka, ili asitapike. Lifunge tenga kwa kamba pande mbili, lifunike kanga, na uliweke sakafuni kwenye gari, si juu ya buti wala nyuma ya bodaboda. Uwe unavuka kwa kivuko cha Kamanga au unapita daraja la Kigongo–Busisi, usifungue kifuniko njiani kumtuliza. Sauti yako inatosha.

Huko Sengerema mfungie chumba kimoja kwa wiki mbili hadi tatu, na beseni la mchanga wa ziwani, maji, tenga lake likiwa wazi, na ile kanga. Paka lazima apazoee mahali kwanza, na akitolewa mapema hujaribu kurudi alikotoka. Sahani na kijiko viwe vile vile vya Igoma, na saa ya kula isibadilike. Siku ya kwanza ya kumtoa nje, mfungulie akiwa na njaa, robo saa kabla ya chakula cha jioni, kisha gonga sahani mara tatu.